Darubini ya mtumba, 8x42: nimeitumia msimu mzima kuangalia bundi

Nalinda ghala la korosho hapa Mtwara, zamu ya usiku, na bundi ndio majirani zangu. Darubini hii nimeinunua mtumba kwa shilingi 90,000. Jina la kampuni limeshafutika, lakini namba 8x42 inasomeka, na namba ndiyo ya kuangalia.

Kabla yake nilinunua ndogo ya kukunja, 10x25. Mchana nazi ya mbali unaiona kama iko mkononi. Magharibi ikiingia, giza tupu. Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza. Hii inatoa 5 na ushee, ile 2.5 tu. Mwanga unaofika jichoni uko hapo, na muuzaji hakunieleza.

Usiku wa kwanza nilimwelekezea yule mweupe wa kwenye kenchi, taa ya geti ikiwaka. Uso kama kopa, macho meusi. Alikuwa anammeza panya mzima, mkia umebaki unaning'inia pembeni ya mdomo. Akainua kichwa mara mbili, ukaisha. Asubuhi nikaokota chini donge alilotapika: manyoya yameshikana, na ndani fuvu la panya na meno yake ya rangi ya chungwa.

Wa kwenye mwembe ni mwingine kabisa: macho ya manjano, vishungi viwili kichwani. Na kile kidogo cha kwenye mkorosho, kinacholia "prrr" kisha kinanyamaza, kina rangi ya gome hasa. Miaka yote sisi tunasema "bundi", basi.

Mzee ninayelinda naye alikuwa akiwatupia mawe, maana bundi akilia ni msiba. Nikampa darubini: "Babu, hebu mwangalie anachokula." Aliangalia mpaka mikono ikachoka. Siku hizi hatupi jiwe.

Nikaanza kusoma kwenye simu. Duniani wako aina zaidi ya 200! Kuna wa majangwa ya Marekani na Mexico, sentimita 14 hivi, anayelala kwenye tundu la dungusi lililotobolewa na kigong'ota. Kuna mweupe wa kaskazini kwenye barafu, anayewinda hata mchana kwa kuwa kiangazi kule jua halizami. Na Pemba, hapa hapa kwetu, ina bundi wake mdogo asiyepatikana popote pengine. Hilo lilinifurahisha kuliko yote.

Kasoro: mkanda ulikatika wiki ya pili, nimeshona wa khanga. Gurudumu la kulengea ni gumu. Hewa ya bahari inaleta ukungu kwenye vioo, kwa hiyo naihifadhi kwenye kopo lenye mchele mkavu.

Mnada wa mwisho wa korosho ukiisha naenda nayo mto Ruvuma, kumtafuta bundi anayekula samaki.