Dawa ya kupulizia na kuacha: uzoefu wangu na baraza la mawe lililoota ukijani, Entebbe

Aprili mwaka jana baba yangu aliteleza kwenye baraza letu la nyuma, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akitoka kutawadha. Nilisikia birika likigonga mawe kabla sijasikia sauti yake. Mzee ni mwanajeshi mstaafu, si mtu wa kulia ovyo, lakini siku ile alikaa pale chini ameshika kifundo cha mkono na kuniambia, "Mwanangu, haya mawe yako yamenikataa." Mfupa ulikuwa na ufa. Plasta alikaa nayo wiki sita, na mimi wiki hizo zote niliuona ule ukijani kila nilipofumba macho.

Baraza lenyewe ni la mawe ya Mazeras, yale mawe ya mchanga yanayotoka pwani ya Kenya, kama mita 40 za mraba. Nayapenda sana. Ila yananyonya maji, na Entebbe tunaishi kando ya ziwa. Mvua za Machi hadi Mei zikiisha, hazipiti siku nyingi kavu. Upande mmoja kuna mfenesi unaoziba jua mpaka karibu saa sita mchana. Mahali penye unyevu na kivuli, mwani unajiotea wenyewe. Wengi tunauita uchafu na kuusugua kama uchafu, kumbe ni kitu hai, na kinaishi ndani ya vitundu vya jiwe.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kuusugua. Nilimwita kijana mwenye mashine ya kuoshea kwa presha. Alifanya kazi nusu siku, na jioni mawe yalikuwa yanang'aa kama yametoka machimboni jana. Nilimlipa kwa furaha. Siku chache baadaye niliinama kufagia nikaona mchanga wa kwenye maungio umetoka wote. Kidole changu kiliingia katikati ya mawe mawili mpaka kiungo cha kwanza, na jiwe moja karibu na mlango lilikuwa linacheza ukilikanyaga. Nilipopitisha kiganja juu ya mawe, yalikwaruza kama msasa. Alikuwa amesogeza mdomo wa mashine karibu mno, na maji yalikuwa yamechimba ngozi ya juu ya jiwe. Wiki ya sita ukijani ulirudi, tena mzito kuliko wa kwanza, kwa sababu sasa ulikuwa na vitundu vingi zaidi vya kujifichia. Sisemi mashine ni mbaya. Kwa zege zito inafaa. Kwa jiwe la mchanga, tumia mdomo unaotawanya maji kama feni, kaa mbali, na mchanga wa maungio urudishwe siku hiyohiyo.

Halafu nikajaribu klorini ya kufulia. Inaua haraka, hilo ni kweli, lakini iliacha mabaka meupe, ikakausha maua yangu ya pembeni, na baada ya muda mfupi kijani kikachungulia tena. Na tafadhali, ukitumia klorini usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia. Hewa inayotoka hapo inaweza kuua mtu. Asidi peke yake nayo iache dukani, inakula saruji ya maungio.

Ndipo fundi mmoja wa bustani akaniambia nitafute dawa ambayo kwenye lebo imeandikwa benzalkonium chloride, yaani kemikali inayoua mwani. Nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi Kampala siku nzima. Duka la kwanza walitaka kuniuzia dawa ya kudekia yenye harufu ya ndimu. Nikasoma lebo nikairudisha. Soma lebo, usisikilize rangi ya chupa. Nilipata lita 5 kwa shilingi 190,000, bei iliyonichoma. Chupa yangu ilielekeza lita 1 ya dawa kwa lita 4 za maji. Yako fuata inavyosema.

Nilipulizia Juni, asubuhi ambayo mawe yalikuwa makavu na anga safi, kwa pampu ya mgongoni, ileile wanayopulizia kahawa. Glavu, buti, miwani, na kitambaa puani. Kazi haikumaliza saa moja. Kisha unaiacha. Husugui, huoshi. Hapo ndipo moyo wangu ulipokosa subira, kwa sababu siku ya kwanza hakuna kinachobadilika kabisa. Siku ya nne kijani kiligeuka manjano chafu. Wiki ya pili kilikuwa kahawia, kimekauka, na nilipokikwangua kwa ukucha kilitoka kama unga wa chai. Nilikifagia kwa brashi ngumu ya plastiki. Ya waya niliikataa, kwani vipande vya chuma hubaki kwenye jiwe na kuota kutu.

Mvua za Septemba hadi Novemba zilipopita, nilitembea baraza lote peku asubuhi mvua imetoka kukatika. Miguu ilishika. Sehemu mbili tu zilianza kuteleza: chini ya mfenesi, na mahali ambapo mfereji wa paa ulikuwa unadondosha maji. Hapo nikaelewa kwamba dawa haiwezi kushinda maji yanayodondoka kila siku. Nilimwita fundi akaziba mfereji usivuje, tukapunguza matawi, na yale mawe yaliyotitia yakapandishwa ili maji yateremke kuelekea bustanini, sentimita 1 hivi kwa kila sentimita 80. Nadhani kazi hiyo imenisaidia sawa na dawa yenyewe, na ningeanza nayo kama ningejua.

Yasiyonipendeza: madoa meusi ya kuvumwani, ule ukoga mkavu unaong'ang'ania jiwe, bado yapo, yamefifia tu. Bei, nimeshasema. Na dawa hii ni sumu kali kwa samaki. Mtaro wetu unaelekea ziwani, kwa hiyo sikupulizia siku yenye dalili ya mvua, sikumwaga masalia mtaroni, na kuku walifungiwa mpaka mawe yakauke. Kama una bwawa la samaki karibu, mimi nisingeitumia.

Dukani pia walinisukumia vanishi ya kung'arisha mawe. Jirani aliipaka, baraza lake linapendeza kweli, lakini likilowa ni kama sahani yenye mafuta. Mwenye mzee au mtoto nyumbani asiipake.

Naipa nyota nne kati ya tano. Baba amerudi kutawadhia palepale, ingawa nimemwekea mkeka wa mpira na taa. Lita zilizobaki nimezifungia kabati la juu, wajukuu wasifikie, na Februari nitapulizia tena kabla mvua za Machi hazijaanza.