Grainda ya benchi ya inchi 6 kwa visu vya lethi: mota safi, vingine jipange mwenyewe

Wakuu, hii naongelea ile grainda ya benchi ya Kichina ya mawe mawili, 150 mm, ambayo ukizunguka Gerezani na Kariakoo za Dar unaikuta kila duka la vifaa, kinachobadilika ni rangi na stika tu. Mi nimeipata kwa 165,000 baada ya kuvutana, bei ya kuanzia ilikuwa laki mbili na kitu. Iko nyumbani kibandani pembeni ya kalethi kangu ka benchi (mashine ya kukereza vyuma), kazi ni bushi, pini na vishafti vya bodaboda na bajaji, na visu vyake vya kukatia karibu vyote natumia hai spidi (chuma kigumu kinachovumilia joto) kwa hiyo kunoa ni kila siku. Nasema hivo mapema maana wengi wanaoisifia hii mashine wananolea mapanga na majembe, na kwa panga hata jiwe la mtoni linatosha.

Mota ntaanza nayo kwa sababu ndo kitu nilichokiacha kama kilivyokuja. Kibao kinasema 230 V, 50 Hz, 250 W, mizunguko 2950 kwa dakika, na inafika hiyo spidi taratibu bila kupiga kelele, ukizima inaendelea kuzunguka yenyewe mpaka unachoka kusubiri, hapo unajua beringi ziko vizuri. Ila someni kibao mpaka mwisho, pameandikwa S2 30 min, yani hizo wati 250 ni za kazi ya nusu saa afu uiache ipoe, sio ya kusaga chuma asubuhi mpaka jioni. Kwa visu haina shida, hata ukianza na kipande kipya cha mraba wa 10 mm huna sababu ya kufika huko. Ukiikandamiza lakini inapungua nguvu na unaisikia, na kama umeme wa kwenu uko chini jioni ndo kabisa.

Mawe sasa. Yanakuja mawili ya kijivu, moja la chenga namba 36 na lingine 60. La 36 nimeliacha, linafaa kuondoa nyama nyingi haraka. La 60 ni gumu mno, chembe zake zikishakuwa butu hazidondoki kupisha mpya kwa hiyo baada ya muda mfupi uso unang'aa kama kioo na jiwe linasugua badala ya kukata, kisu kinachemka huku hakipungui na wewe unazidi kukandamiza. Nikalitoa nikaweka jeupe la namba 80, lenyewe chembe zake zinavunjika zinaleta ncha mpya, linakata baridi zaidi. Jeupe nimelinunua 35,000 kwa hiyo weka kwenye hesabu, afu weka na kile kifaa cha kusafishia uso wa jiwe, cha magurudumu ya nyota au cha kipande cha almasi, bila hicho hata jiwe zuri litaishia kuwa baya. Tundu la hilo jiwe lilikuwa 32 mm na shafti ya grainda ni 12.7 mm, wanakupa kibushi cha plastiki ambacho kinacheza, mi nikakereza changu cha aluminiamu, faida ya kuwa na lethi ndo hiyo. Na wakati unafungua kumbuka nati ya upande wa kushoto inafunguka kinyume, watu wanaizungusha kwa nguvu zote wanazidi kuibana. Yale makaratasi ya duara yaliyobandikwa pembeni mwa jiwe msiyabandue jamani, sio lebo tu, yanasaidia flanji (vile visahani viwili vinavyolibana jiwe) zibane sawasawa jiwe lisipasuke.

Flanji zenyewe ni bati la kupondwa. Jiwe likawa linayumba kushoto kulia, na kunoa kisu kwenye jiwe linaloyumba ni kupoteza muda kwa sababu ncha inagongwagongwa. Nimezitupa, nimekereza za chuma nene nikazisawazisha uso mara moja na tundu bila kuzitoa kwenye lethi, mtetemo umepungua sana. Asiye na lethi sijui atafanyaje, labda apeleke kwa fundi.

Kitu kibovu kuliko vyote ni kile kibati cha kuegemezea kisu. Kinapinda kwa dole gumba! Na hakina namna ya maana ya kukiinamisha ukakiacha kwenye pembe moja. Kwa panga utasema sawa, lakini kisu cha lethi kinaishi kwa pembe, chini ya ncha na ubavuni unataka nafasi ya nyuzi 8 mpaka 10 hivi ili kisisugue kazi, juu unainamisha kama 12 ukikata chuma laini, ukihamia shaba nyeupe unarudisha juu iwe bapa kabisa la sivyo kinazama na kuvuta kazi. Pembe hizo kwa kibati kile unabahatisha tu. Nimetengeneza kimeza changu cha flatibaa ya 6 mm, kimefungwa kwenye meza yenyewe na sio kwenye kava la grainda, kina bolti moja ya kuinamisha na napima kwa kipimapembe cha shule. Kisogezeni karibu na jiwe isizidi 3 mm, pakiwa wazi kisu kinavutwa chini pamoja na kidole.

Halafu ule ubishi kwamba kisu kikibadilika rangi wakati wa kunoa ndo kimeharibika. Hai spidi inabaki ngumu mpaka karibu nyuzi joto 600, ikiwa kahawia au bluu kidogo haijafa, tofauti na patasi ya chuma cha kaboni ambayo ukiona bluu ncha imeshalegea. Ndo sifa yake tangu Taylor na White wa kiwanda cha Bethlehem Steel kule Marekani walipoileta, maonesho ya Paris ya mwaka 1900 watu waliona kisu kinakata chuma huku ncha imeiva nyekundu. Kinachoua ni kukiacha kichemke sana afu unakitumbukiza kwenye maji, kinapata nyufa ndogo usizoziona na ncha inamegeka kazini. Chovya mapema na mara nyingi.

Kijana wa dukani aliniambia "fundi wangu, hii inanoa mpaka kabaidi", yani zile ncha ngumu kuliko hai spidi zinazochomelewa kwenye kisu cha chuma. Hainoi. Jiwe la kijivu linakula chuma cha chini tu, juu ya kabaidi yenyewe linateleza. Visu vile vya kabaidi ya kuchomelewa vinataka jiwe la kijani au la almasi, usivichovye kwenye maji vikiwa vya moto, na vaa barakoa maana vumbi lake lina kobalti na mapafu hayaipendi. Miwani pia vaa yako, vile vioo vya plastiki vinavyokuja nayo vina mikwaruzo tangu kwenye boksi.

Kuna wanaosema si ubane grainda ya mkono kwenye vaisi uokoe hela. Ile inazunguka 11,000 na haina pa kuegemeza, sishauri kabisa.

Nyota 3 kati ya 5, na zote tatu ni za mota. Kama kazi yako ni lethi hesabu kama laki mbili na nusu mpaka ikae sawa, na kama huwezi kutengeneza kimeza na flanji tafuta ile nzito ya 200 mm hata iwe ya mtumba. Dukani usikubali boksi lililofungwa, mwambie aichomeke, we simama pembeni sio mbele ya mawe, iache izunguke kama dakika moja. Ikizima tazama shafti, shafti yenyewe ikiwa inayumba acha hapohapo, ikiwa jiwe tu linayumba hilo ni la flanji linarekebishika. Mawe mwambie ayatoe, lining'inize kwa kidole tunduni uligonge taratibu na mpini wa bisibisi, likilia vizuri chukua, likitoa mlio mfu lina ufa, dai jingine kabla hujatoa hela.