Shabaha za manati: kopo, chupa au kisahani cha udongo?

Habari zenu wadau. Leo niko Ntyuka, hapa hapa Dodoma, na upepo mnausikia wenyewe. Nina shabaha tatu za manati, zote nimezipiga wiki nzima kwa umbali wa mita 10.

Hili kopo la nyanya nimelitundika kwa kamba kwenye tawi. Ukilipata linalia, na mimi sauti hiyo naipenda sana. Ila kwa upepo wetu huu linayumba mpaka hujui umekosa au limekukwepa. Halafu kokoto ikigonga bati inaweza kukurudia usoni. Ndiyo maana miwani hii siivui.

Chupa ya plastiki iliyojaa maji? Hapana. Maji ya Dodoma ni ya kumwaga jamani? Na chupa za kioo msiniulize kabisa, watoto wanapita hapa peku.

Sasa njooni karibu muone hiki. Kisahani cha udongo wa kichuguu! Nimekikandia ndani ya mfuniko wa ndoo ndogo, kina upana wa sentimita 11, sawasawa na vile visahani vinavyorushwa hewani vipigwe kwa bunduki kwenye Olimpiki. Unene, kama kidole chako kidogo. Siri yake ni majivu: kopo moja la majivu kwa makopo matatu ya udongo. Vya kwanza sikutia majivu, vikawa vigumu kama tofali, kokoto inadunda tu. Anika kivulini siku mbili, ndipo ukitoe juani. Ukianza na jua kinapasuka. Na usikichome, maana kikiiva kinakuwa kigae, na kigae kinakata mguu.

Raha yake ni kwamba kikipigwa kinasambaratika, hubaki unabishana na mtu kama umepata. Vipande unaviokota, unaviloweka, kesho ni visahani vingine. Udongo ule ule finyanga vitonge uvitumie badala ya kokoto. Vikigonga vinapasuka, havirudi.

Nyuma ya shabaha ning'iniza blanketi kuukuu, liache lilegee lipokee kitonge. Ukilikaza, linakirudisha. Na kabla hujavuta mpira, hakikisha nyuma yake hakuna njia wala mbuzi wa mtu.

Kwangu mimi kisahani kinashinda, tena kwa mbali. Kimebaki kimoja pale juu ya jiwe. Mpiga picha, sogea nyuma yangu. Upepo umetulia… Haya! Mmeliona vumbi lile?