Nilitoka zamu ya usiku nikapewa kitabu cha kuamka alfajiri

Nimesita kuandika haya, kwa sababu ziko hospitali ambazo hazina hata kabati moja la vitabu, ilhali hii ninayofanyia kazi hapa Tabora ina chumba kizima kinachoitwa maktaba, chenye feni inayozunguka na mkutubi anayelipwa mshahara. Anayeilalamikia ataonekana hana shukrani. Basi na nionekane hivyo.

Ulikuwa msimu wa embe. Siku yenyewe siikumbuki. Nilikuwa nimemaliza zamu ya tatu mfululizo ya usiku katika wodi ya watoto, na asubuhi hiyo tuligombana na mwenzangu wakati wa kukabidhiana zamu, kwa kuwa dozi moja ilikuwa imeandikwa kwenye faili lakini sikuitaja kwa mdomo, naye nusura airudie. Mtoto hakudhurika, lakini mikono yangu iliendelea kutetemeka. Badala ya kwenda nyumbani Isevya kulala, nikaona nisubiri maktaba ifunguliwe saa 3, niombe kitabu chochote kinachoeleza namna watu wa kazi moja wanavyoweza kupeana taarifa bila kusahau na bila kutukanana.

Mkutubi ni kijana mtanashati. Aliniamkia shikamoo macho yake yakiwa kwenye simu, akanisikiliza nusu, kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu aliyoibandika karatasi yenye neno MAFANIKIO, akarudi na kitabu kinachohimiza watu waamke saa 11 alfajiri ili wabadilishe maisha yao. Nilimweleza kwa upole kwamba ifikapo saa 11 alfajiri huwa nimeshabadilisha dripu, nimeshapima joto la watoto wodi nzima, na nimeshambembeleza angalau mama mmoja aliyekata tamaa. Akatabasamu. "Ndiyo maana nakupa hiki, mama," akasema. "Sisi watumishi wa umma tatizo letu ni nidhamu ya asubuhi."

Aliyasema hayo mbele ya watu wanne waliokuwa wamekaa kwenye benchi, nami nikiwa bado na sare iliyotapikiwa na mtoto wa watu. Kuambiwa sina nidhamu ya asubuhi, tena katika mji huu ambao mababu zetu walitoka na pembe begani kabla jua halijachomoza, wakatembea kwa miguu mpaka pwani! Sikujibu. Sikukiandikisha kile kitabu, nikakiacha mezani na kuondoka.

Nilipotulia niliona kwamba kilichoniudhi si kijana peke yake, bali rafu yake yote. Vitabu vyake vingi vya kujiendeleza humchukulia msomaji kama mtu anayeishi peke yake, ambaye akirekebisha tabia zake tu mambo yatamnyookea. Kazi ya wodi haiko hivyo, kwa maana uangalifu wangu wote hauna faida ikiwa anayenipokea hakusikia nilichomwambia. Na si watumishi tu wanaogawiwa vitabu hivyo bila kuulizwa. Mzee mmoja mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, aliyelazwa kwa kuvunjika mguu, aliomba kitu cha kusoma akapewa kitabu cha kujiandaa kwa mahojiano ya kazi. Alinionyesha akicheka: "Mwanangu, mimi atanihoji nani, tumbaku?"

Hapa inanibidi nimtendee haki kijana wa watu. Baada ya kama wiki mbili alinifuata mwenyewe hadi mlangoni mwa wodi, akaomba radhi kwa ufupi, akasema amewauliza wauguzi wa chumba cha upasuaji, nao wamemtajia The Checklist Manifesto, kitabu cha daktari wa upasuaji Atul Gawande kilichotoka mwaka 2009, ambacho kumbe kilikuwa rafu ya chini kimelala kwenye vumbi. Nilikisoma kwa usiku kadhaa. Kinahusu orodha hakiki, hasa ile ya Shirika la Afya Duniani ya upasuaji salama, yenye hoja 19 zinazosomwa kwa sauti kabla ya nusukaputi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, na mmojawapo ni Ifakara, Ifakara hii yetu ya Morogoro. Katika jaribio hilo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hapakuwa na mashine mpya ya ajabu. Watu walilazimika kusemezana tu.

Mwenzangu niliyegombana naye nilimwita, tukaandika karatasi yetu na kuibandika kwenye meza ya wauguzi: jina la mtoto, dawa ya mwisho na saa iliyotolewa, dripu iliyobaki, mzio, vipimo ambavyo majibu yake hayajarudi, na kila anayepokea zamu arudie kwa mdomo alichosikia. Hatujagombana tena kuhusu dozi. Kwa hilo nilikusudia kuisifu maktaba bila kubakiza, ingawa kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, nakala ni moja, na inabidi kuvumilia kurasa nyingi za ndege na majengo marefu kabla ya kurudi hospitalini.

Nilikusudia, nasema, kwa sababu juzi asubuhi nimekutana na mwenzangu huyohuyo akitoka maktaba, macho mekundu kwa usingizi wa zamu ya usiku. Alikuwa ameenda kukiulizia kitabu cha orodha, akaambiwa kimeazimwa, na ni kweli, ninacho mimi. Basi ili asitoke mikono mitupu akapewa kile cha kuamka saa 11 alfajiri, pamoja na neno moja au mawili kuhusu nidhamu. Sifa nilizompa kijana hapo juu naziondoa zote, isipokuwa ile ya kunifikisha Ifakara.