Springi za koilova za mtumba: kilo ngapi kwa gari la mashindano?

Kabla hujauliza bei ya springi, ichunguze shokomzoba, maana ndiyo itakayokuamulia kilo, yaani ugumu wa springi.

Koilova, yaani shokomzoba iliyozungukwa na springi yake, nyingi tunazonunua huku Malindi zimeshuka bandarini Mombasa baada ya kuvuliwa kwenye magari ya Japani, na muuzaji ana sifa moja tu ya kukupa: ni ngumu, ni za resi. Mimi nilinunua seti yangu ya kwanza kwa sifa hiyo. Zilikuwa na springi za kilo 10, na shokomzoba mbili kati ya nne zilikuwa zimekwisha gesi. Gari lilirukaruka katikati ya kona mpaka nikaogopa kukanyaga mafuta, na kwa miezi kadhaa niliamini kwamba nahitaji springi ngumu zaidi. Sitaki mwingine apoteze pesa na muda namna ile.

Springi kazi yake ni kubeba gari. Shokomzoba ndiyo inayoituliza springi ikishabonyea. Ukiongeza ugumu wa springi mara mbili, nguvu ya kuituliza lazima ipande kwa karibu asilimia 41, na shokomzoba iliyochoka haina pa kuitoa. Kwa hiyo mwambie fundi avue springi, kisha sukuma fimbo ya shokomzoba mpaka ndani kwa mkono. Ile ya bomba moja yenye gesi ya kutosha hurudi juu yenyewe, polepole, bila kukwama. Isiporudi, gesi imetoka. Mafuta yakionekana shingoni, sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke, imekufa. Pitisha na ukucha juu ya fimbo: upepo wetu wa chumvi hula chuma, na kidonda kidogo tu cha kutu kitaikata hata sili mpya. Seti ya namna hiyo iache hapo hapo dukani, hata ikiwa springi zake zinang'aa.

Sasa kilo. Tunaposema springi ya kilo 6 tunamaanisha inahitaji kilo 6 ili ibonyee milimita moja. Zilizoandikwa kwa paundi na inchi, gawanya kwa 56: 350 ni kama kilo 6 na robo. Mfano wangu ni Subaru Impreza ya kabla ya 2007 yenye kilo 1,400 pamoja na dereva, uzito mwingi ukiwa mbele, ikivaa tairi za kawaida za barabarani.

Nafasi ya kwanza naipa kilo 6 mbele na 5 nyuma. Kwa springi hizi gari hupanda na kushuka karibu mara 2 kwa sekunde, wakati gari la kawaida la familia huwa kati ya mara 1 na mara 1 na nusu. Hapo kona inashikika, gari halilali sana, na shokomzoba ya mtumba iliyo nzima bado inaimudu. Halafu kuna safari yenyewe ya kwenda mashindanoni. Sisi hatupakii gari kwenye lori. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na kutoka hapo hadi Nairobi ni 480 nyingine. Matuta ya Gede, ya Kilifi, ya Mtwapa, yote unayapita kwa springi zile zile za kushindania, na ukimaliza unarudi nazo nyumbani. Dereva aliyefika na mgongo mzima ndiye anayeendesha vizuri siku ya pili.

Nafasi ya pili ni kilo 8 mbele na 6 nyuma. Hizi ni nzuri kweli kwenye lami laini, ila nina sharti moja: ziwe ndizo zilizokuja na shokomzoba zile tangu kiwandani, au shokomzoba ziwe zimefunguliwa na kutengenezwa upya kwa ugumu huo. Vinginevyo usizidi kilo moja au mbili juu ya springi ya asili ya seti.

Ya tatu ni kilo 4 mbele na 3 nyuma, kwa anayeingia uwanjani mara moja kwa mwaka. Gari litalala zaidi kwenye kona. Kagua kama mipira ya kuzuia iliyo kwenye fimbo ni mizima, kwa sababu itaguswa mara nyingi.

Kilo 10 kwenda juu naziweka mwisho kabisa kwa gari hili. Utasikia kwamba Honda Civic fulani inazo na inakimbia vizuri, na ni kweli. Civic za 1988 hadi 2000 zina mikono miwili ya kushikilia kila gurudumu, na springi imekaa ndani zaidi kuliko tairi. Springi ikisogea 7 tairi likisogea 10, unazidisha 0.7 kwa 0.7, na kilo 10 inabaki kama kilo 5 kwenye tairi. Kwenye Impreza hii springi na tairi husogea karibu sawasawa, kwa hiyo kilo 10 inabaki kilo 9. Usinakili namba za gari lenye miguu tofauti na ya kwako.

Ikiwa rangi imebanduka na maandishi yamefutika, pima mwenyewe. Simamisha springi kwenye sakafu ya saruji, weka ubao juu, halafu mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50. Pima urefu. Ongeza mifuko miwili, mtu akiishikilia isianguke, pima tena. Springi ya kilo 6 itakuwa imeshuka kama milimita 17 kati ya vipimo hivyo viwili, na ya kilo 8 milimita 12 na nusu. Pima zote nne; nimeshaona seti yenye springi tatu za namna moja na ya nne ya ukoo mwingine. Kipenyo cha ndani nacho kikaguliwe, kwani milimita 60, 63.5 na 65 hazibadilishani vikombe vya kukalia springi.

Na fundi akikwambia atakaza ile nati kubwa inayoikalia springi ili iwe ngumu, mkatalie kwa adabu. Springi iliyosokotwa sawasawa haibadiliki kilo kwa kukazwa.

Ukishafunga, zungushia kila fimbo kamba ndogo ya plastiki, ishushe hadi shingoni, kisha nenda Gede na urudi kwa mwendo wako wa kawaida. Kamba itasukumwa mpaka pale shokomzoba ilipofika. Ikiwa imegota kwenye mpira kwa matuta tu, ongeza kilo moja upande huo kabla hujafikiria kupanda bara.