"Utazoea, bibi": uzoefu wangu na fundi wa vyuma vya bafuni

Nianze na haki yake kabla hasira haijanipanda. Huyu fundi kazi anaijua. Aling'oa kizingiti cha bafuni kilichokuwa kikitukwaza kila siku, akageuza mlango ufunguke kwa nje ili mama akianguka ndani asiuzibe kwa mwili wake. Hilo la mlango mimi wala sikuwa nimeliwaza. Chuma cha kushikilia kando ya choo amekizamisha kwenye ukuta wenyewe kwa skrubu ndefu, si kwenye kigae tu, na nimeking'ang'ania kwa uzito wangu wote hakikutikisika. Si kama kile cha mipira ya kunyonya nilichonunua mwanzo, kilichobanduka asubuhi moja kabla hata mtu hajakigusa.

Sasa, chuma chenyewe amekifunga kulia.

Mama alipata kiharusi, na upande uliolegea ni huo huo wa kulia. Maneno nayo humtoka polepole, anayaokota moja moja. Siku ya kazi nilimketisha mlangoni makusudi, aonyeshe mwenyewe anavyokaa na anavyoinuka. Fundi hata hakumtazama. Akaniuliza mimi, "Huyu anajiweza kidogo?" Mama akaanza, "Mwanangu... mkono..." Drili ikawashwa. Ilipozimwa, mama akajikaza mpaka akamaliza: mkono huo hauna nguvu. Akajibiwa, "Utazoea, bibi."

Azoee nini? Kupooza?

Usiku ule nilimwona akijaribu. Mkono wa kushoto ukavuka kifua, vidole vikakigusa chuma kwa ncha tu, mwili mzima ukapinda. Nikamdaka. Kushoto hakuna ukuta wa karibu, kwa hiyo kilichotakiwa ni kile chuma cha kukunja, kinachofungwa ukuta wa nyuma ya choo na kuteremshwa mtu anapotaka kukaa. Swali moja tu, "Mama, unainukia mkono gani?", lingetosha. Nilipompigia simu akaniambia, "Dada, ungesema mapema ningekileta." Aliambiwa! Tena na mwenye mkono wake!

Haya, na mimi nilikuwepo. Alipokuwa akitia alama za penseli ukutani nilikuwa nimeinamia simu, na hilo linaniuma kuliko pesa. Labda hasira yangu nusu ni yangu mwenyewe. Lakini mimi sikumwita mama yangu "huyu".

Nilikusudia kumpa nyota nne. Nilipoanza kuandika zikawa tatu, na nikiisoma tena hiyo "utazoea" naona inabaki moja, ya mlango. Chuma bado kipo palepale, imara kabisa. Mama anaanikia taulo.