Tanki la samaki wa Nyasa na Tanganyika: lipi ununue, lipi uliache dukani

Nimekulia Kigoma. Siku za mapumziko tulizoea kwenda upande wa Bangwe, tukalala kifudifudi juu ya mawe asubuhi ziwa likiwa limetulia, tukawatazama samaki wadogo chini yetu. Kila dume alikuwa na jiwe lake. Alilikwangua mwani kwa midomo, mwenzake akisogea anamfukuza, kisha anarudi palepale. Ilikuwa nadra kumwona akipanda juu. Maisha yake yote yalikuwa kwenye lile jiwe na mianya inayolizunguka.

Samaki hao ni wa jamii ya siklidi, na namwomba kila anayekwenda kuwanunulia tanki aende na picha hiyo kichwani. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zipatazo 250 za samaki hawa, na karibu zote hazipatikani kwingine. Nyasa lina mamia. Wafugaji wa Ujerumani na Marekani huwatafuta kwa hamu, nasi tunaoishi na maziwa haya mara nyingi tunawatia kwenye tanki jembamba lililokwenda juu kama kabati, tukishangaa kwa nini wanauana. Samaki wa aina hii anahitaji sakafu. Kimo cha maji kinamsaidia kidogo sana.

Nimepanga matanki kwa kufuata kigezo hicho. Bei sizitaji kwa sababu vioo hupanda na kushuka. Chukua vipimo nitakavyokupa, uvipeleke kwa mafundi watatu, ulinganishe.

Nafasi ya kwanza: tanki la kuundiwa na fundi vioo, sentimita 120 kwa 50 kwa 50

Hili ndilo ninalolipendekeza kwa mtu anayeanza na mwenye nafasi sebuleni. Linachukua lita 300 likijaa hadi ukingoni, na sakafu yake ni mita ya mraba 0.6. Sasa chukua tanki la urembo la lita zilezile 300, lenye sakafu ya 60 kwa 60 na kimo cha 84. Sakafu yake ni 0.36 tu. Maji ni yaleyale, lakini umewanyang'anya samaki asilimia 40 ya ardhi yao.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Maji husukuma kioo kulingana na kina chake, hayasukumi kulingana na urefu wa tanki. Tanki likienda juu, kioo lazima kinenepe, na kioo kinene ndicho kinachokula hela. Kwa hiyo tanki fupi na pana linamfaa samaki na linaufaa mfuko kwa pamoja.

Kwa kimo cha sentimita 50 mwambie fundi atumie kioo cha mili 10, kingo zote zisagwe, na juu aweke mikanda ya kioo kuzunguka, pamoja na mmoja wa kukata katikati ili ukuta wa mbele na wa nyuma usitanuke. Kama unataka tundu la bomba kwa ajili ya filta ya chini, mwambie kabla hajagandisha chochote, na hicho kioo kisiwe cha temper (kilichokomazwa kwa joto), maana cha temper hakitobolewi.

Silikoni iangalie kwa macho yako mwenyewe. Iwe silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka. Kama kopo limeandikwa kwamba inazuia ukungu, ikatae hata kama fundi anaapa kuwa ni ileile. Ile dawa ya ukungu ni ya bafuni na madirishani, na kwa samaki ni sumu.

Nasisitiza haya kwa sababu tanki langu la kwanza hapa Dar niliundiwa na fundi mzuri wa madirisha ambaye hakuwahi kutengeneza tanki. Alitumia mili 6, na mikanda ya juu hakuweka. Nilipolijaza niliweka rula kwenye kioo cha mbele, nikaona mwanga kati ya rula na kioo pande zote mbili. Kioo kilikuwa kimevimba. Nilijipa moyo kwamba ndivyo vilivyo. Mwezi wa tatu, usiku, gundi ya pembeni iliachia, tukaamka tukiwa na maji hadi chini ya makochi, na samaki kumi na mmoja wamelala kwenye vigae. Hadi leo sijazoea kulisema jambo hilo kwa wepesi.

Kwa hiyo usilipe pesa ya mwisho kabla ya majaribio. Silikoni ipewe wiki nzima ikauke. Halafu tanki lijazwe hapohapo kwa fundi, chini ya kila pembe iwekwe karatasi ya gazeti, likae siku tatu. Gazeti halidanganyi. Tone moja likipita utaliona doa.

Kabla ya kusaini lolote, piga hesabu ya uzito. Vioo peke yake ni kama kilo 57, maji kilo 270, mawe 50. Karibu kilo 400 zinakaa mahali pamoja. Meza ya televisheni haibebi hizo. Agiza stendi ya chuma kwa fundi wa kuchomelea, aisawazishe kwa pima maji, na katikati ya stendi na tanki utandike shiti ya stairofomu ya sentimita 1 au 2 ili imeze vijiwe na mabonde madogo.

Nafasi ya pili: tanki kubwa lililotumika

Watu huhama, wengine hukata tamaa, na matanki mazuri huuzwa kwa bei ya kuondoa mzigo. Ukipata la urefu wa sentimita 120 au zaidi lililokwishashika maji miaka, umepata mali. Pitisha kidole kwenye silikoni ya ndani pembe zote nne. Ikiinuka kama ngozi ya kidonda, au ikiwa ya njano na imekakamaa, tanki hilo lihesabie gharama ya kugandishwa upya. Mstari mweupe wa chokaa kwa nje, chini ya ungio, ni alama kwamba lilikuwa linavuja polepole. Mikwaruzo isikutishe sana, kwani tanki likijaa maji mingi haionekani. Muulize mwenyewe kama aliwahi kutibu samaki wake kwa dawa yenye shaba. Kama jibu ni ndiyo, konokono na kamba usiwaweke humo. Sharti la gazeti na siku tatu liko palepale.

Nafasi ya tatu: tanki dogo la sentimita 60, lakini kwa samaki wa makombe tu

Anayeishi chumba kimoja asivunjike moyo. Tanki la 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54, na Tanganyika limetupa samaki wa kukaa humo kwa raha. Wapo siklidi wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyotapakaa chini ya ziwa. Neolamprologus multifasciatus dume hafiki hata sentimita 5. Watandikie mchanga laini wa sentimita 5 hivi, makombe kumi na tano au ishirini, basi. Makombe ya konokono wa shambani yanafaa, mradi yawe matupu na uyachemshe vizuri. Jioni ukikaa kimya utamwona mmoja anabeba mchanga kwa mdomo, punje kwa punje, anazika kombe lake hadi ubaki mlango tu.

Mbuna, yaani siklidi wa Nyasa wanaoishi kwenye mawe, usiwatie humo. Hata watatu. Hata wakiwa wadogo.

Nafasi ya nne: seti ya dukani yenye kila kitu

Inakuja na taa, mfuniko na filta ndogo ndani ya mfuniko. Inapendeza, ila filta zake zimepimiwa samaki wachache wapole, na mbuna ni walaji wanaochafua. Ukinunua seti, hesabu pia bei ya filta ya pili. Mifuniko mingi hufungia joto ndani, na kwa mji wa pwani hilo ni tatizo la kweli.

Mwisho kabisa naweka matanki ya duara, ya mnara, na yale ya kioo kilichopinda mbele. Kwa samaki hawa usinunue.

Filta na umeme

Filta ya kopo inayokaa chini ya stendi ndiyo yenye nguvu zaidi, na kwa lita 300 tafuta inayozungusha maji yote mara tano hadi nane kwa saa. Lakini ina hatari yake tunayoijua umeme unapokatika. Ndani yake wamo bakteria wanaosafisha maji, na kopo limefungwa, hewa haiingii. Saa kadhaa bila mzunguko wanaanza kufa, na umeme ukirudi uchafu wote unamwagikia samaki. Kwa hiyo mimi naweka filta za sponji mbili kubwa ndani ya tanki, zinazosukumwa na pampu ya hewa yenye betri. Kama hela inatosha kitu kimoja tu na mtaani kwako umeme hukatika sana, anza na sponji, kopo litakuja baadaye.

Hita, kifaa cha kupasha maji, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hutaihitaji. Samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 27, nasi Januari tunapambana kushusha. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu. Maji yatapungua kwa mvuke, yajazie. Aliyeko Mbeya, Iringa, Arusha au Nairobi anunue hita.

Mawe na maji

Hapa ndipo mkazi wa pwani amebarikiwa. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ya 8.6 hadi 9 na ushei, ya Nyasa 7.7 hadi 8.6. Wenzetu wa Ulaya hununua chumvi za makopo ili kuyafikia. Sisi tuna mawe ya matumbawe ya kale, yaleyale ya kujengea nyumba, ambayo ni chokaa na huipandisha pH ya maji polepole yenyewe. Dondoshea siki jiwe kavu, likitoa povu ndilo. Matumbawe hai ya baharini usiyaguse. Lioshe jiwe, liloweke siku kadhaa huku ukibadilisha maji ili chumvi itoke.

Mawe panga kwanza, juu ya sakafu ya tanki yenyewe, ndipo umwage mchanga. Ukianza na mchanga, samaki watachimba chini ya jiwe na mlima utaangukia kioo. Jenga mapango mengi yenye milango miwili, ili anayefukuzwa apate pa kutokea.

Maji ya bomba yana klorini, yaache siku nzima kwenye ndoo ukiyapulizia hewa, au tumia dawa ya kuiondoa. Maji ya kisima yaonje kwanza, vingi vya Dar vina chumvi.

Halafu subiri. Tanki lifanye kazi wiki nne hadi sita kabla ya kupokea samaki wengi, huku ukitia chakula kidogo kila siku ili bakteria wazaliane. Kwa siklidi hili lina uzito kuliko kwa samaki wengine. Amonia inayotoka kwenye kinyesi hugeuka kuwa kali zaidi kadiri pH inavyopanda: kwenye maji ya pH 8.5 sehemu yake iliyo sumu ni zaidi ya mara 20 ya ile ya pH 7. Kosa ambalo samaki wa mto angelivumilia, huyu wetu linamuua usiku mmoja. Kifaa cha kupimia amonia kinunue kabla ya taa.

Samaki wa kuanza nao

Kwa tanki la kwanza nawapa nafasi ya juu mbuna wa manjano, Labidochromis caeruleus, ambao ni wapole kwa kiwango cha jamii yao. Wa pili ni Chindongo demasoni, bluu na nyeusi, wanaotoka Pombo Rocks, ufukwe wetu wa Nyasa. Hawa wanunuliwe kumi na wawili au zaidi kwa pamoja, maana wakiwa wachache mmoja huwatawala wenzake hadi wafe. Kwa aina nyingine weka dume mmoja kwa majike watatu, na lita 300 zisipite samaki ishirini.

Frontosa wa Kigoma, siklidi mkubwa wa Tanganyika, nampenda kuliko wote, na nakusihi usimnunue bado. Yule mdogo wa sentimita 6 dukani atapita sentimita 30, na tanki lake linaanzia urefu wa sentimita 180. Tropheus, siklidi wengine wa Tanganyika, nao waache mpaka uwe na uzoefu. Wamezoea kukwangua mwani mawe mchana kutwa, na ukiwapa vyakula vya nyama matumbo yao huvimba wakafa.

Ukifika dukani simama dakika kumi mbele ya tanki kabla ya kuonyesha unayemtaka. Tazama wanaokuja mbio chakula kikimwagwa na wanaobaki pembeni. Tazama vinyesi. Ukimwona hata mmoja anayekokota kinyesi cheupe, kirefu kama uzi, tumbo limejaa na hataki kula, usinunue samaki yeyote kwenye tanki hilo, wala kwenye lile wanalochangia filta.